Nilinunua kaktasi ya "maua mekundu", imechanua rangi ya kutu. Nimetapeliwa? (Uzi mrefu kidogo)

#1 MsukumaToroli

Wakuu, habari za muda huu.

Nipo Tucson, Arizona, mwaka wa saba sasa. Nilikulia kambini Nyarugusu, kule Kasulu, kwa hiyo maua niliyoyajua utotoni ni ya maharage na ya maboga. Huku nimeangukia kazi ya bustani za watu: kuchimba mashimo, kupogoa, kusukuma toroli la mawe kwenye jua ambalo halina utani. Humohumo kwenye kazi nikajikuta napenda kaktasi. Ungeniambia hivyo miaka kumi iliyopita ningekucheka.

Sasa sikilizeni. Miaka mitatu iliyopita niliingia kitalu kimoja hapa mjini (sikitaji, nitaeleza kwa nini baadaye) nikanunua mche wa kaktasi ya matawi, ile wenyeji wanayoifananisha na pembe za paa dume. Kibandiko kiliandikwa Cylindropuntia versicolor, na chini yake mtu ameongeza kwa kalamu: "mekundu". Nikaupanda mbele ya dirisha la jikoni. Mwaka wa kwanza kimya. Mwaka wa pili kimya. Aprili hii naona machipukizi ya maua kwenye ncha za matawi, madogo kama kidole gumba cha mtoto, yamezungukwa na vimiiba. Mke wangu akaanza kuwaita majirani kabla hata hayajafunguka.

Yakafunguka asubuhi moja, kwenye saa nne hivi. Wakuu, ile si nyekundu. Ni rangi ya bati la zamani lililonyeshewa. Kutu. Ukiinama karibu unaona petali kwa ndani zina ukijani chinichini, halafu kutu inazidi kukolea kuelekea ukingoni, na katikati kuna nyuzi za chavua nyingi ajabu zimejazana kama brashi. Zuri, sikatai. Lakini si nililolipia.

Nikarudi kitaluni na picha kwenye simu. Muuzaji akaitazama, akanitazama, akasema aina hii ndivyo ilivyo, kila mti na rangi yake. Nikamwambia basi kwa nini umeandika mekundu? Akasema aliyeandika alishaacha kazi. Nikaondoka nimenuna.

Jumamosi iliyofuata nikapanda njia ya Tumamoc, kile kilima cha magharibi ya mji ambapo watu hupanda asubuhi kufanya mazoezi. Nilikwenda kwa hasira, nikitaka ushahidi. Kaktasi ya aina ileile imejaa pembeni ya njia. Wa kwanza njano ya bizari. Hatua tano mbele, rangi ya chungwa. Anayefuata damu ya mzee, iliyokolea hadi ukiwa mbali unadhani ni nyeusi. Mwingine wa waridi. Mwingine wa kijani kilichofifia na wekundu kwenye ncha. Halafu kutu, kama wangu. Miti imesimama jirani, udongo mmoja, mvua moja, majani ya kueleweka haina, miiba ileile, na kila mmoja na kanzu yake.

Swali langu: inawezekanaje? Ni aina moja kweli, au kuna watu wameunganisha mimea tofauti chini ya jina moja kwa uvivu? Wenye elimu ya mimea shukeni hapa.

#2 PichaKwanza

Mkuu uzi bila picha ni umbea tu. Weka picha.

#3 MsukumaToroli

Zinagoma kupanda, faili kubwa. Nitajaribu usiku nikiwa kwenye mtandao wa nyumbani. Wewe chukua rangi ya sufuria iliyokaa nje msimu mzima, ndiyo hiyo.

#4 MwalimuBayo

Habari wana jukwaa. Nafundisha biolojia kidato cha tatu na nne, Tanga. Nijaribu.

Kwanza, hujatapeliwa na jina la aina. Jina lenyewe lilikuonya. "Versicolor" kwa Kilatini ni kile chenye rangi zinazobadilika, chenye rangi nyingi. Jina ni la George Engelmann, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akitibu watu St. Louis na muda uliobaki akichambua kaktasi za Marekani. Alifariki 1884, na John Merle Coulter ndiye aliyelichapisha mwaka 1896, wakati huo likiwa Opuntia versicolor. Kwa hiyo huo utofauti unaoulalamikia wewe, ndugu yangu, ndio uliompa mti jina. Mwenye kalamu kule kitaluni ndiye aliyeongeza ahadi ambayo haikuwepo.

Pili, tusichanganye mambo mawili. Kuna ua linalobadilika rangi kwa kuzeeka, na kuna miti miwili ya aina moja yenye rangi tofauti tangu ua linapofunguka. Mpungate, yule wa majani bapa kama sahani (ni mashina, si majani, lakini tuache), wengi wao ua hufunguka njano na likianza kunyauka linageuka chungwa au rangi ya samoni. Ukipita siku moja ukaona njano na chungwa kwenye mti mmoja, umeona umri tu. Swali langu kwako, MsukumaToroli: una uhakika ule wa damu ya mzee haukuwa njano jana yake?

#5 MsukumaToroli

Mwalimu, swali zuri, na nililiwaza maana kazini mpungate tunao wengi. Nilifunga uzi wa rangi kwenye miti sita ya pembeni ya njia (nikaja kuutoa baadaye, msinishtaki). Nikarudi siku mbili mfululizo, halafu wiki iliyofuata. Kila mti ulibaki na rangi yake. Maua mapya yakifunguka yanafunguka rangi ileile ya ndugu zake wa jana. Yakinyauka yanafifia na kujikunja, lakini wa njano hakugeuka kuwa damu ya mzee hata mara moja. Mti mmoja, rangi moja.

#6 KichwaNgumu

Mbona mnazunguka. Ni udongo. Bibi yangu Lushoto ana lile ua la vichwa vikubwa, haidrenjia, ukimwaga majivu linakuwa pinki, usipomwaga linakuwa bluu. Udongo ndio kila kitu. Mwalimu unalijua hili.

#7 MwalimuBayo

KichwaNgumu, bibi yako yuko sahihi kwa haidrenjia. Lakini hapa hapana, na sababu yake ndiyo tamu ya uzi huu wote. Nipeni nafasi.

Mimea mingi yenye maua mekundu, zambarau na bluu hutumia kundi la rangi linaloitwa anthosianini. Rangi hizo zina tabia ya kubadilika kufuata uchachu na magadi. Haidrenjia inacheza na anthosianini pamoja na aluminiamu ya ardhini, ndiyo maana majivu yanaibadilisha.

Kaktasi hawana anthosianini. Hata kidogo. Wao na jamaa zao wachache wana kundi jingine kabisa, betalaini. Na jamaa zao mnawajua: bitiruti, mchicha mwekundu, bogenvilia za ukutani. Ndio ukoo huo. Mti ukiwa na betalaini hauna anthosianini, na kinyume chake. Haijapata kuonekana mmea wa porini wenye zote mbili.

Fanyeni hili jikoni leo. Chukua juisi ya rozela, gawa glasi mbili, moja tia baking soda kwenye ncha ya kijiko. Itageuka kutoka nyekundu kwenda rangi ya ajabu ya kibluubluu au kijanikijivu. Halafu chemsha kipande cha bitiruti, fanya vilevile. Bitiruti itabaki palepale kwenye wekundu wake wa zambarau. Ni dawa mbili tofauti ingawa kwa jicho zote ni nyekundu.

Sasa betalaini zenyewe ziko matawi mawili. Moja ni njano hadi chungwa, betazanthini. Jingine ni nyekundu hadi zambarau, betasianini. Zote zinaanzia malighafi moja, tirosini, ile amino asidi ya kawaida. Mmea unaigeuza hatua kwa hatua hadi inafika kitu kinachoitwa asidi ya betalamiki, na hapo ndipo njia panda. Ikikutana na amino asidi, inakuwa njano, na muungano huo hutokea wenyewe bila kusukumwa. Ikikutana na kipande kingine kilichotengenezwa maalumu kutoka tirosini hiyohiyo, inakuwa nyekundu. Hicho kipande cha pili kinahitaji kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi ya kemia ndani ya mmea) cha kukitengeneza. Kwenye bitiruti wamelithibitisha hili: kimeng'enya kikiharibika, bitiruti inatoka ya njano badala ya nyekundu. Hitilafu ya jeni moja tu.

Fikirieni bomba moja lenye koki mbili. Mti wenye koki ya njano wazi na nyekundu imefungwa, ua njano. Zote wazi kiasi, chungwa. Nyekundu imefunguliwa sana, damu ya mzee. Zote zimebanwa, ua linafifia. Mti wa kutu wa ndugu yetu una nyekundu kidogo juu ya njano na ukijani. Hakuna aina mpya wala mchawi.

#8 KichwaNgumu

Nimekubali kwa shingo upande. Kesho rozela.

#9 MamaMiche

Jamani mbona mazungumzo matamu nimechelewa. Mimi nauza miche kando ya barabara hapa Dar, mwaka wa kumi na nne. Mwanangu MsukumaToroli, pole, lakini nakuambia ukweli: huyo muuzaji wako nusu ana kosa na nusu hana.

Kosa ni hili. Mche unaotokana na mbegu hauandikiwi rangi kabla haujachanua. Sisi waridi la jangwani lile la shina nene (si kaktasi, najua, Mwalimu usinirukie) ukipanda mbegu za mama mwekundu unapata watoto wa pinki, wa meupe yenye ukingo, wa ajabuajabu. Mteja akitaka rangi maalumu namuuzia aliyeunganishwa au aliyechanua anamwona kwa macho. Huyo wa kalamu aidha alikisia, aidha vibandiko vilihama. Vibandiko vinahama mwanangu. Mtoto anamwagilia, kimeanguka, anakichomeka kwenye kopo la jirani. Nimeshapoteza wateja kwa hilo.

Nina swali: hiyo kaktasi yako ukikata kipande ukachomeka, inaota?

#10 MsukumaToroli

Inaota hata usipoichomeka, mama yangu. Hii familia ya matawi ya vipingili, pingili ikianguka chini inatoa mizizi yenyewe. Na kuanguka haihitaji kukata. Pita karibu tu, miiba inakudaka. Ina vipembe vya kurudi nyuma visivyoonekana kwa macho, kwa hiyo ikiingia haitoki kwa kuvuta, inavuta na nyama. Siku yangu ya kwanza kazini pingili ilinidaka nyuma ya goti, nikaishika kwa mkono ili niitoe. Sasa ikawa goti na mkono vimeshonwa pamoja. Msimamizi alicheka hadi akakaa chini, kisha akatoa kitana mfukoni, akakiingiza kati ya ngozi na pingili, akairusha. Tangu hapo kitana hakikosi mfukoni mwangu, na nywele sina.

#11 PichaKwanza

😂😂 "na nywele sina"

#12 MwalimuBayo

Hilo la vipingili lina maana kubwa kwenye swali la rangi. Pingili iliyoota ni mti uleule, jeni zilezile. Itachanua rangi ileile ya mama. Kwa hiyo ukikuta kundi la miti kumi imesongamana na yote njano, usikimbilie kusema hapa njano imetawala. Huenda ni mti mmoja uliojidondosha. Utofauti wa kweli unatoka kwenye mbegu, ambako jeni za baba na mama zinachanganywa upya. Aina inayozaa kwa mbegu sana inaonyesha rangi nyingi. Inayojidondosha tu inaelekea kufanana. Huko Arizona kuna mwenzake, Cylindropuntia bigelovii, anayemeremeta kama dubu wa manyoya. Sehemu kubwa ya maeneo yake anaenea kwa vipingili maana mbegu zake nyingi ni tasa, na maua yake kwa kawaida ni njano-kijani iliyofifia tu.

#13 MsukumaToroli

Tunaye kazini, ndiye wa hatari kuliko wote. Na kweli, maua yake sijawahi kusimama kuyatazama mara mbili.

#14 MfugajiLaikipia

Wadau, salamu kutoka Laikipia, Kenya. Mnaongea kaktasi kwa mapenzi, mimi nasoma huku meno yanauma.

Huku kwetu mpungate umemeza malisho. Opuntia stricta, na yule mwingine mkubwa wa engelmannii. Uliletwa zamani na wageni kama ua wa uzio na wa bustani, sasa unafuata njia za ng'ombe. Mbuzi anakula tunda, vimiiba vidogovidogo kama manyoya vinamwingia ulimini na machoni. Nimechinja mbuzi mzima wa afya kwa sababu alikuwa kipofu hawezi kufuata wenzake. Ndovu na nyani wanakula matunda, wanapanda mbegu kila mahali na mbolea juu yake.

Swali langu: mbona huku maua yote ni njano? Sijawahi kuona la damu ya mzee. Mnasema aina moja rangi kumi, mimi naona aina moja rangi moja.

#15 MwalimuBayo

MfugajiLaikipia, pole sana ndugu yangu. Jibu liko sehemu mbili.

Si kila aina ina utofauti. Stricta kwao kwenyewe, Florida na Karibiani, ni wa njano. Na mimea iliyohamishwa na watu mara nyingi inaanza na mama wachache tu waliobebwa na meli. Hata kama kwao kulikuwa na rangi nyingi, mliletewa kile kipande alichokata mtu mmoja siku moja. Kisha sahani ikidondoka inaota. Mnatazama kwa kiasi kikubwa watoto wa watu wachache.

Na mdudu wa kochinili, yule mdogo mliyemleta kuushambulia mpungate, ule wekundu anaoutoa ukimponda kidoleni hauna uhusiano na rangi ya ua. Hiyo ni asidi ya kamini, anaitengeneza mwenyewe kujilinda. Watu wengi wanachanganya.

#16 MfugajiLaikipia

Huyo mdudu nampenda kuliko ndugu zangu wengine. Anaukausha kabisa, unaanguka kama uji. Ila stricta tu ndiye anamshughulikia vizuri, ukimweka kwa yule mkubwa anasuasua.

#17 KichwaNgumu

Ripoti: rozela imegeuka. Mke wangu amekasirika, ilikuwa ya wageni. Bitiruti sijapata, lakini nimechukua maji ya mchicha mwekundu tuliochemsha mchana, nimetia baking soda, hayakwenda bluu. Mwalimu 1, Lushoto 0.

#18 MwalimuBayo

Mchicha huo umekuokoa. Ukiongeza magadi makali kweli utaona yanaelekea njano, maana betasianini inavunjika na ile asidi ya betalamiki iliyo ndani inabaki. Kwa hiyo ndani ya mchicha mwekundu kuna njano iliyofichwa. Ni kemia ileile ya ule mti wa Tucson.

Na kabla mtu hajauliza: ndiyo, ukila bitiruti nyingi au tunda jekundu la mpungate baadhi yenu mkojo utakuwa wa pinki. Msikimbilie zahanati usiku kama alivyofanya mwanafunzi wangu mmoja.

#19 MamaMiche

Swali la muuzaji sasa. Kama rangi haina faida kwa mti, kwa nini Mungu aiache hivyo? Kwenye soko rangi moja ndiyo inayouzika, zingine zinabaki zinanikalia.

#20 MwalimuBayo

Mama Miche, soko lako ni nyuki. Mteja ndiye anayeamua kipi kinabaki.

Tazama kaktasi mkubwa wa Arizona, saguaro. Ua lake ni jeupe, na usitegemee kuzunguka jangwa lile ukiokota rangi nyingine. Linafunguka usiku, linafunga mchana unaofuata. Wateja wake ni popo usiku, kisha njiwa na nyuki asubuhi. Gizani nyeupe ndiyo inayoonekana. Wa rangi nyingine asingetembelewa vizuri, asingepata mbegu, basi.

Kisha kuna jamii ya Echinocereus, baadhi yao maua ni mekundu makali kama shuka la Mmasai, na hao ni wa ndege mvumaji, ambaye anaona nyekundu vizuri. Nyuki yeye nyekundu tupu inampa shida. Macho yake yamejengwa kwa mionzi ya urujuani isiyoonekana kwetu, bluu na kijani.

Versicolor anachavushwa na nyuki, hasa wale wa porini waitwao Diadasia ambao baadhi yao wameifanya kaktasi kuwa shamba lao. Ninavyoelewa mimi: kama nyuki anapata chavua kwenye njano na kwenye kutu vilevile, hakuna anayemfukuza kutu sokoni. Rangi zote zinaendelea kuzaa. Tofauti inabaki kwa sababu hakuna mwenye sababu ya kuifuta.

#21 MsukumaToroli

Hapo Mwalimu umenigusa. Siku ile kilimani nilikaa kwenye jiwe kupumzika mbele ya miti miwili, wa chungwa na wa damu ya mzee. Nyuki walikuwa wanaingia wanajigaragaza kwenye zile nyuzi hadi wanatoka wamepakwa unga wa chavua kama mtoto aliyetoka kwenye gunia la sembe. Wanatoka kwenye chungwa, wanaingia damu ya mzee, wanarudi. Sikuona wakichagua. Mimi ndiye niliyekuwa na upendeleo.

Halafu jambo jingine nimejifunza. Juu ya kilima hicho kuna maabara ya jangwa iliyoanzishwa 1903 na taasisi ya Carnegie kuchunguza mimea ya ukame. Miaka yote hii nimekuwa napita chini yake nadhani ni nyumba ya mawe ya mzungu fulani. Na wenyeji kabisa, Tohono O'odham, hawa kaktasi kwao ni chakula. Wanachuma machipukizi kabla hayajafunguka, Aprili hiyohiyo, wanasugua miiba, wanachoma shimoni au kuchemsha, wanakausha. Yana kalisi nyingi. Niliwahi kuonjeshwa kazini na mzee mmoja: yana uchachu kidogo, kati ya bamia na kitu nisichokijua. Nikamuuliza kama ya mti wa njano na ya mti mwekundu yana ladha tofauti. Akaniangalia kama umri wangu umerudi nyuma, akasema yanachumwa yakiwa yamefumba.

#22 PichaKwanza

Huyo mzee ameua.

Mkuu nitumie mbegu au kipande bahasha moja tu. Nina ukuta Moshi umekaa wazi. Nataka ya damu ya mzee.

#23 MfugajiLaikipia

WEWE. Soma #14 tena polepole.

#24 MsukumaToroli

PichaKwanza, hapana mkuu, na nakwambia bila kinyongo. Kwanza Arizona kaktasi wa porini wanalindwa na sheria, hawachimbwi hovyo. Pili, karibu familia nzima iko kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, kuvusha mpaka kunahitaji karatasi. Tatu, hii inaenea kwa kushika miguu ya wanyama. Nikikutumia pingili moja Moshi, baada ya miaka ishirini wajukuu zako watakuwa wanatoa miiba kwenye pua za ng'ombe kwa kitana.

Ukitaka kaktasi wa kwetu tafuta yule wa Usambara na milima mingine ya mvua, anayening'inia kwenye miti kama nywele za bibi, Rhipsalis baccifera. Mwalimu atanisahihisha, lakini ndiye pekee aliyefika Afrika bila kubebwa na watu.

#25 MwalimuBayo

Hasa. Wengine wote mnaowaona ni wageni wa Amerika, na wale wakubwa wa porini wenye utomvu mweupe si kaktasi, ni ukoo wa mnyaa. Rhipsalis yeye ua ni dogo jeupe-kijani, utapita usilione. Kinachotofautiana kwake ni tunda: mara nyingi jeupe linalong'aa kama lulu, pengine la pinki. Pinki hiyo, tena, betalaini.

Nyongeza moja niliyosahau, na inanichekesha kila mwaka. Wakusanyaji wa Ulaya walipokuwa wanaleta kaktasi wa milima ya Bolivia na Argentina, jamii ya Lobivia (jina ni Bolivia iliyogeuzwa herufi, wataalamu wa mimea Britton na Rose walilitunga 1922), kuna aina ambazo bonde moja lina mweupe, wa njano, wa chungwa, mwekundu. Wengine wakawa wanatoa jina jipya kwa kila rangi. Orodha ikajaa majina. Waliokuja baadaye wakaanza kuyafuta moja baada ya jingine. Kwa hiyo MsukumaToroli, lile swali lako la kwanza, kama kuna watu wameunganisha kwa uvivu: mara nyingi uvivu ulikuwa upande wa pili. Kutenganisha kwa rangi ndiko rahisi.

#26 MamaMiche

Nimeelewa vizuri sana. Kuanzia leo kopo lisilochanua naandika "rangi utaiona". Mwanangu, na ule wa damu ya mzee unaoutaka utaupataje sasa?

#27 MsukumaToroli

Nimeshaupata mama. Kuna mzee mmoja namkatia nyasi kila wiki ya pili, uani kwake upo, alioupanda mwenyewe. Nilimwonyesha wangu wa kutu kwenye simu, akaniambia chukua vipande vitatu ila uje ukiwa na glavu za ngozi. Nimevikausha kivulini wiki moja jeraha lifunge, nimevilaza kwenye mchanga wenye changarawe, simwagilii sana. Viwili vimeshika. Vitachanua lini sijui, lakini rangi yake safari hii naijua.

#28 KichwaNgumu

Na wa kutu? Si uung'oe urudishe kitaluni udai hela yako.

#29 MsukumaToroli

Ndiyo sababu kitalu sikitaji, nimeshasamehe. Na kung'oa haiwezekani tena. Wiki iliyopita ndege mmoja wa madoadoa, yule mpiga kelele anayependa kaktasi, amejenga kiota katikati ya matawi, kama chupa ya nyasi imelazwa ubavu. Miiba hiyohiyo iliyonishona goti yeye anaingia na kutoka kama mlango wa kwao. Mke wangu anasimama dirishani anaosha vyombo anamtazama, na amesema atakayegusa huo mti alale nje.

Picha zimekubali sasa, naziweka hapo chini. Ya tatu ndiyo ya kutu. PichaKwanza, utulie.